Ratiba Nyuma ya Boksi

Wete, Jumamosi. Famasi nimeifunga nusu mlango.
Nimepindua boksi la amitriptilini
kwa kuwa karatasi nyeupe zimekwisha tangu Rajabu,
nikachora miezi kumi na miwili.
Mistari imekwenda upogo. Itatosha.

Barua inasema: kila mfamasia wa wagonjwa wa akili
akusanye pointi ishirini kwa mwaka.
Haisemi pointi za nini.

Shaame Faki kapiga simu kutoka Mkoani:
"Oktoba usiguse. Mikarafuu imebeba,
utafundisha viti."
Naifuta Oktoba. Kisha naiandika upya,
maana Oktoba ndipo wetu wa kloropromazini
wanaposhinda juani wakianika,
mashavu yanababuka, na jirani anasema
kapigwa kofi na shetani wa mchana.
Basi tutawafuata huko huko kwenye majamvi,
tukae na makonyo, tunuke karafuu.
Somo: kofia.

Februari, klozapini.
Mashine ya kuhesabu chembe nyeupe iko Chake,
siku ikiwa nzima.
Somo: siku isipokuwa nzima.
Mwalimu: yeyote aliyewahi kungoja jibu
huku mgonjwa ana homa na jua linatua.

Kuna mtaalamu amejitolea kuja na picha mia mbili ukutani.
Dawa zake zina majina mazuri kama ya maharusi,
rafu zetu hazijapata kuwaona hata ukaya.
Nimempa saa moja, baada ya chakula.

Hidaya wa Konde anataka somo la kombe:
namna ya kumuuliza mtu habari za zafarani
bila ya uso wake kufunga dirisha.
"Kitabuni hamna," anasema. Najua hamna.
Anywaye kombe na haloperidoli hajapotea njia,
ana milango miwili, anaibisha yote.
Juni, Hidaya. Asilete picha. Alete sahani.

Ramadhani ndiyo inayonishinda kupanga.
Haikai mahali pamoja,
kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja,
nami kila mwaka nairudia.

Mize binti Asaa, mlima mwani wa Mtambwe.
Alikuja mwezi ule, chumvi imemkauka kwenye vifundo.
Nilimhesabia lithiamu yake: hiki futari, hiki daku.
Nilihesabu vizuri. Sahihi yangu ipo, inasomeka.
Sikumuuliza maji.
Sikumuuliza goti.
Na goti lilikuwa linauma, na dukani kwa Maulid
diklofenaki huuzwa moja moja, kama peremende.
Siku ya tisa mikono ilitetema hata uji ukamwagika,
na nyumbani wakasema, ugonjwa wake umerudi,
wakamfungia chumbani.

Ugonjwa haukurudi. Ilikuwa dawa.
Ilikuwa mimi, na dawa, na jua, na goti.

Alipona. Kikombe bado hukishika kwa mikono miwili.

Shaame, ambaye hawezi kitu bila kukitia vina,
kanitungia cha kuwakaririsha vijana:
*Lithiamu nalo jua, havikai nyumba moja;
maji kwanza ukijua, ndipo dozi itakuja.*
Nimecheka. Kisha nimekibandika juu ya kabati,
palipokuwa na kalenda ya benki.

Sasa naandika, mwezi wa Mlisho, kabla ya mfungo,
somo la kwanza kabisa, kwa herufi kubwa:
GOTI.
Mwalimu: mimi.
Sitaki kiyoyozi wala bahasha ya nauli,
nataka walete kila mmoja kosa lake,
lililokunjwa, lisilo jina la mgonjwa,
tuyafungue mezani kama watu wachambuao mchele.

Shaame anauliza: "Hilo ni pointi ngapi?"
Penye pointi nimepaacha wazi.

Mlango unagongwa, ile nusu iliyofungwa.
Mtoto wa skuli, kadi ya mama yake mkononi,
amesimama kwa mguu mmoja.
Naichukua kadi. Naiweka chini.
"Hebu niambie," namwambia, "mama leo kanywa nini?"